Kabla ya Pikapu

Chini ya ngazi yangu, mjini Chicoutimi,
pana kasha lililokuja na mashine ya kufulia.
Ndani: kofia ya zimamoto iliyopasuka ukingo,
koti la marehemu Normand, mikono nimeikata,
mbawa za nyuki, tai tatu, pochi isiyofunga,
na sketi ya magamba ya kijani yanayometa
niliyochezea dansi mwaka niliokuwa na kiuno.

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri maungo.
Waliosema hawakumwona Loïk, miaka minne,
akipanda ngazi na sketi ile,
pindo amelishika kwa vidole viwili, akitangaza:
Mimi samaki wa mtoni,
nipisheni, nina haraka.
Wakampisha. Hata Maélie, asiyempisha mtu,
aliyekula, akalala, akaenda haja
na kofia ya zimamoto kichwani tangu Oktoba
(mama yake humpiga picha, anacheka:
jasiri wangu huyu!),
hata yeye alisogea.

Nami, naungama,
kila siku saa kumi na dakika ishirini
nilimwita Loïk pembeni.
Njoo tuivue, baba anakuja.
Sikueleza. Hakuuliza.
Steeve hajawahi kunitolea neno baya.
Mtu wa kiwanda cha alumini, zamu ya alfajiri,
husimama mlangoni asikanyage zulia,
hushukuru kwa kidevu.
Niliogopa tu. Niliogopa kwa niaba yake,
kama anayelipa deni ambalo hajadaiwa.
Tena nina watoto sita tu,
na bili ya umeme haijui samaki.

Kisha Januari, baridi ya kufyatua misumari ukutani.
Nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria ya supu ya njegere,
pikapu ikanguruma kona ya mtaa.
Sikuwa hata nimefungua kinywa.
Nikamwona Loïk
ameacha gari lake la mbao katikati ya safari,
amekimbilia nyuma ya kochi,
anajivua, haraka haraka, magamba yanadondoka,
na uso wake —
nimelea watoto miaka ishirini na sita.
Uso ule ni wa watu wazima.
Na aliyemfundisha si baba yake.

Nikaitua sufuria, ikamwagika.
Nikapiga magoti nyuma ya kochi, magoti yakalalama.
Irudishe, kama unaitaka.
Akanitazama kama mtu anayepima barafu
kabla ya kuikanyaga.
Hata baba akija?
Hata baba akija, nikasema,
sauti ikatoka nyembamba kuliko nilivyoipanga.

Mlango. Upepo. Mabuti.
Steeve akaiangalia sketi, akaniangalia mimi.
Nani amemvisha?
Amejivisha.
Theluji ikayeyuka miguuni pake, tukaisikiliza.
Kutoka chini ya kofia, Maélie:
Huyo samaki. Shika vizuri, anateleza.
Hakuna aliyecheka.
Baba akainama, akachukua ovaroli ya baridi,
akamvika mwanawe juu ya sketi hiyo hiyo,
mguu, mguu mwingine, mkono.
Zipu ikanasa gamba.
Sikujua vidole vile, vyenye makovu ya moto,
vinaweza kwenda polepole hivyo:
akalinasua moja,
akanasua la pili, bila kukata uzi.
Wakaenda. Kidevu hakikushukuru.
Usiku nililala na bili kichwani.

Jumatatu sketi ikarudi ndani ya mfuko wa mkate,
imefuliwa, imekunjwa na mtu asiyejua kukunja.
Kiunoni, magamba manne yameshonwa upya
kwa uzi mweusi, mnene,
ule wa kushonea glavu za kazi.
Sikuuliza. Hakusema.

Na Loïk? Hajaigusa.
Wiki nzima analilia kofia ya zimamoto,
Maélie ameing'ang'ania kwa mikono miwili,
na mimi nimesimama kati yao,
mgongoni nina mbawa za nyuki
nisizokumbuka nilizivaa saa ngapi,
najaribu kukumbuka
leo ilikuwa zamu ya nani.